Watu Sita, Simu Moja

Wewe unayesoma, leo naomba unisikilize tu. Jifanye umekaa nami hapa kibarazani kwangu, mtaa wa Buyenzi, jirani yangu anagonga mlango wa gari ili unyooke, nami inanibidi nipaze sauti kidogo. Nitaeleza polepole, kwa sababu ndivyo nilivyo. Wanangu wananitania kwamba hata nikiomba chumvi mezani naanza kwa kueleza kwa nini mchuzi umepooza. Vumilia. Ni habari ya mwaka mmoja tu, na ya karatasi moja ambayo nilikataa kuitia sahihi.

Mwezi uliopita niliitwa kwenye mkutano kule Kigobe, kwenye jengo la chuo, lilelile la mwaka ule, chumba kilekile, chenye kiyoyozi kinachokoroma kama mtu aliyeshiba. Rangi ya ukuta tu ndiyo iliyobadilika. Kulikuwa na kozi mpya fupi za mtandaoni za kupitisha, na kwa kuwa siku hizi kutengeneza kozi ndiyo kazi inayonilisha, nilitakiwa nizipitie kisha nisaini. Nilipoingia niliona viti vinne vimepangwa ukutani, mbali na meza, na juu yake vijana wanne wa chuo kikuu, magoti yamebanana, kila mmoja ameshika chupa ya maji ambayo hathubutu kuifungua. Mwenyekiti wa mkutano akawatambulisha: "Hawa ni wanafunzi wetu washirika." Vijana wakatabasamu wote kwa pamoja. Upande wa pili wa meza alikaa mama mwenye mvi, miwani imening'inia kifuani, aliyealikwa kama mgeni wa heshima kwa kuwa alishastaafu. Akainua kichwa, akavaa miwani akanitazama.

"Zuhura," akasema. "Ungali mugumu wa kichwa?"

"Bado, Madame," nikamjibu.

Alikuwa Madame Générose. Mwaka ule ninaoukumbuka, yeye ndiye aliyekuwa mratibu wa kozi, na yeye huyohuyo ndiye aliyekuwa akisimamia memwari yangu, ile kazi ndefu ambayo mwanafunzi huiandika na kuitetea mbele ya majaji ili apewe digrii. Shika jambo hilo, kwa sababu kila kitu kitarudi hapo: mtu aliyeshika kalamu ya kunipitisha ndiye niliyembishia.

Nilikuwa mwaka wa mwisho. Chuo kilikuwa kimeamua kutoa kozi fupi kupitia simu, na kwa asiyejua, kozi fupi ni hivi: masomo machache ya sauti au picha, kila somo dakika chache, zoezi baada ya kila somo, mtihani mwishoni, na anayefaulu anapewa cheti chenye muhuri. Anajifunza kitu kimoja anachoweza kukitumia kesho yake, kama kuhesabu stoku ya duka, kuandika barua ya kazi, au kutafuta hitilafu kwenye umeme wa gari. Tangazo lilisema kwamba wanafunzi watakuwa washirika katika kuziunda kozi hizo. Neno hilo, washirika, nililisoma mara mbili pale ubaoni. Nikajiandikisha siku hiyohiyo, pamoja na Aimable, kijana mpole wa mtaa wa Gihosha tuliyekuwa darasa moja, ambaye alikuwa na sauti nzuri kuliko mtu yeyote niliyemjua na aliogopa kuitumia mbele za wakubwa. Tukapewa kozi ya umeme wa magari.

Siku ya kwanza Kigobe tulikuta viti viwili ukutani. Mezani walikaa Madame Générose na Injinia mmoja aliyekuwa ameyaandika masomo yote kabla hatujafika, kwa Kifaransa, kurasa nyingi zilizoshikizwa pini vizuri. Sisi tulipewa biskuti. Tulionyeshwa rangi tatu, tuchague ipi iwe juu ya ukurasa wa kozi. Tukachagua bluu. Tukapigwa picha. Wakati wa mapumziko nilitoka kutafuta maji ya moto, na kwenye ukumbi mwembamba, nyuma ya mlango uliokuwa wazi nusu, nikasikia Injinia akiuliza: "Na hawa watoto tutawapa kazi gani sasa? Rangi wameshamaliza." Madame akamjibu bila hasira, kama mtu anayesoma ratiba: "Uwaache wakae. Tunawahitaji mwishoni. Bila sahihi ya wanafunzi washirika, ripoti haipokelewi."

Nilisimama pale na kikombe changu kitupu. Ingekuwa rahisi kuumia, na kweli niliumia kidogo. Lakini nilisikia pia kitu cha pili katika maneno yale, na kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyoona kwamba hicho ndicho kilichonilea: walikuwa wametukabidhi ufunguo, yaani ile sahihi, wakidhani ni pambo. Nilirudi ndani, nikashika kiti changu kwa mgongo wake, nikaanza kukivuta.

"Zuhura, unafanya nini, sha?" Aimable akaninong'oneza.

"Ninabeba kiti. Na wewe beba chako."

Miguu ya viti ilipiga kelele sakafuni hadi mezani. Madame akashusha miwani. "Mademoiselle, muna shida na ukuta?"

"Apana, Madame. Ukuta hauna shida. Ni sisi hatusikii vizuri tukiwa kule."

Injinia akacheka, na kicheko chake ndicho kilichotuokoa, kwa sababu Madame hakuweza kutufukuza mbele ya mtu anayecheka. Akasogeza makaratasi yake kidogo. Kuanzia siku ile tulikaa mezani, na baada ya wiki mbili za kuuliza maswali tulikubaliwa kurekodi somo la kwanza kwa Kiswahili na kulipeleka kwa watu waliokusudiwa.

Tulilirekodi chumbani kwa Aimable, Gihosha, madirisha yamefungwa, blanketi limetundikwa mlangoni kuzuia sauti za watoto wa jirani. Kati ya rekodi moja na nyingine tulikula maharage na ndizi kwenye sahani moja, kompyuta juu ya kigoda, jasho likitutiririka. Tulijivuna sana. Kesho yake tukateremka Buyenzi, kwenye gereji ya fundi Hamadi, mtu mfupi, mwenye maneno mengi, ambaye alikuwa na uwanja mdogo, magari manne yasiyo na magurudumu, na mafundi watano waliomzunguka. Mmoja wa hao watano alikuwa mwanamke, Riziki, aliyetoka Uvira na watoto wawili na mkoba wa koleo. Umeme wa magari alijifunza kwa kutazama na kusikiliza. Alikuwa ameomba kazi kwenye gereji ya kampuni moja ya mabasi, wakamwambia mikono yake wameipenda lakini wanataka karatasi. Kwa hiyo cheti chetu, ambacho kwangu kilikuwa alama ya kazi nzuri, kwake kilikuwa mshahara wa kila mwezi. Alinieleza hivyo siku ya kwanza, akiwa amelala chini ya gari, nikiona viatu vyake tu.

Tuliweka simu ya Riziki juu ya boneti, kwa sababu yake ndiyo pekee iliyoweza kufungua kozi. Wengine walikuwa na simu za vibonye. Sauti tamu ya Aimable ikaanza: umeme ni mwendo wa chembe ndogo ndani ya waya. Hamadi alisikiliza mpaka akachoka, akachukua spana yake akarudi kazini.

"Wallahi," akasema, "hii ni somo ya kulalia. Utie mutoto wangu usiku, atanyamaza."

Riziki alikuwa na huruma zaidi. "We Aimable, sauti yako ni nzuri. Lakini gari iko wapi humu ndani? Nasikia tu waya, waya. Gari ya mutu haikuje na somo. Inakuja na shida."

Tulikaa juu ya tairi, tukafungua daftari, tukamwomba atuambie shida ya kwanza inayokuja asubuhi. Mpaka leo, mtu akiniuliza nilisomea wapi kutengeneza kozi, naikumbuka tairi ile. Somo jipya lilianza hivi: "Gari haliwaki. Mwenye gari ana haraka. Taa za mbele zinawaka kwa unyonge. Utagusa nini kwanza?" Tulipoipiga rekodi hiyo juu ya boneti, kabla Aimable hajafika kwenye jibu, Hamadi alikuwa ameshapaza sauti: "Batiri imekufa! Aende kununua ingine!" Na Riziki: "Imekufa namna gani, hujaipima? Angalia kwanza vichwa vya batiri kama vimekaza!" Na mwingine: "Ukimuambia mutu anunue batiri kila siku ndio maana anaenda kwa jirani!" Wakati huo simu inaendelea kusema jibu, na hakuna anayelisikia. Riziki akapiga kelele, "Mumunyamazishe huyo, bado tunabishana!" akaisimamisha kwa kidole kilichojaa grisi, na kioo kizima kikawa cheusi.

Hapo tulielewa jambo ambalo halikuwa katika kurasa za Injinia. Gerejini watu wanajifunza kwa kubishana. Mtu anasema analodhani, mwenzake anamkosoa, wanafungua, wanatazama, anayekosea anachekwa, na kwa sababu amechekwa hasahau tena. Kwa hiyo tulirudi Gihosha tukaongeza kitu cha ajabu kwenye rekodi: kimya. Baada ya kila swali tuliacha kimya kirefu, muda wa mtu kunywa nusu ya kikombe cha chai, ili ugomvi upate nafasi. Kisha jibu. Kisha sababu ya jibu.

Kule Kigobe, Injinia alisikiliza akakunja uso. "Hapa rekodi imekatika."

"Haijakatika," nikasema. "Hapo wanabishana."

"Nani wanabishana?"

"Wanaosoma."

Madame Générose akaniangalia juu ya miwani. "Zuhura, kozi ya mtandaoni mutu anaisoma peke yake, na simu yake. Ndio maana inaitwa hivyo."

Ningepaswa kulisikia onyo katika sentensi hiyo. Sikulisikia, kwa sababu nilikuwa nashughulika kukitetea kimya changu, na nilikitetea mikutano mitatu mfululizo, Aimable pembeni yangu akitikisa kichwa kwa ujasiri uliokuwa ukiongezeka taratibu, mpaka wakachoka nasi wakatuachia. Kozi ikaenda hewani na kimya chake. Kwa wiki tano, kila adhuhuri, wakati magari yanapoa na Riziki anagawa chai yenye tangawizi na chapati zilizokatwa vipande, simu ilipanda juu ya boneti na watu sita wakaizunguka. Nilikuwapo karibu kila siku. Nilijua nani husimama wapi. Nilijua Hamadi, aliyesema kozi si ya watu wa umri wake, huja na kusimama nyuma akijifanya anatafuta bisibisi, kisha anajibu kwa sauti kuliko wote.

Sasa nieleze kosa letu, kwa sababu lilikuwa letu. Mimi na Aimable tulizoea kuwaona watu sita kiasi kwamba hatukufikiri mashine inaona nini. Mashine inaona simu. Tulikuwa tumesajili namba moja, ya Riziki, na majibu yote ya wote sita yaliingia kwa jina lake. Siku ya ripoti, Madame alisoma kwenye kioo cha kompyuta: kozi ya umeme wa magari, Buyenzi, aliyemaliza ni mmoja. Kozi nyingine zilikuwa na watu wengi. Halafu Injinia, akiwa hana nia mbaya, akaongeza: "Na huyu mmoja anaonekana ni mzito kidogo. Kila swali anachukua muda mrefu sana kujibu." Riziki, mwenye mikono myepesi kuliko mafundi wote wa mtaa ule, alikuwa mzito kwa sababu alisubiri watu watano wamalize kugombana.

"Kuna cheti kimoja," Madame akasema. "Na franchement, kusema ukweli, kozi ya mutu mmoja hatuwezi kuiendeleza. Tunaifunga." Akasukuma karatasi mbele yetu. Juu iliandikwa: sisi wanafunzi washirika tunathibitisha kwamba idadi ya waliosoma ni sahihi. Chini kulikuwa na mistari miwili.

Aimable alisaini. Simlaumu leo na sikumlaumu hata siku ile. Alikuwa na mambo yake yaliyokuwa yakisubiri muhuri wa jengo lile. Mimi niliiweka kalamu chini. Niliiweka polepole, ikabingirika ikaanguka, na hakuna aliyeinama kuiokota. Madame akawaomba wengine watoke. Kiyoyozi kikabaki kinakoroma.

"Zuhura, memwari yako iko juu ya meza yangu. Unajua majaji wanakaa lini."

"Najua, Madame."

"Donc? Kwa hiyo?"

"Donc hesabu si sahihi. Nilikuwapo. Nilikaa juu ya tairi nikawahesabu. Ni watu sita."

"Mfumo unasema mmoja."

"Mfumo haukuja Buyenzi."

Hakunipigia kelele. Ningependa uelewe kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na fomu yenye safu moja, na watu waliomtaka aijaze kabla ya Ijumaa, na kwa miaka mingi alikuwa amefundishwa kwamba kisichoingia kwenye safu hakipo. Lakini kumwelewa mtu hakukulazimishi kusaini. Nililijua hilo nikiwa msichana wa chuo mwenye viatu vilivyotoboka, na ninalijua leo. Nilimuaga kwa heshima, nikatoka, nikatembea kwa miguu kutoka Kigobe hadi Buyenzi, jua la saa nane likinichoma utosini, nikipanga namna ya kumwambia Riziki. Nilidhani angalau yeye nina habari njema za kumpa.

Nilimkuta ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Nilimweleza yote. Cheti chako kipo, nikasema, hao wengine kwenye ripoti hawapo, na kozi inafungwa. Gereji ya mabasi inakusubiri, kichukue, mimi nitaendelea na ugomvi wangu peke yangu. Alisikiliza, akaikausha mikono kidole kimoja kimoja.

"Mi siitaki ile karatasi," akasema.

"Da Riziki, usiseme hivyo. Una watoto."

"Watoto wangu wanakula sombe hapa kila siku na hawa watu. We, tulijibu sita. Ile swali ya waya ya taa ya nyuma, mi nilikosea, ni huyu," akamwonyesha kijana wa Gitega aliyekuwa akikaza nati, "ndiye alijua. Nikienda kubeba peke yangu, hapa Buyenzi nitapita njia gani?"

Hamadi alikuwa amejificha nyuma ya kifuniko cha injini, masikio nje. Akatoka. "Waambie watupime," akasema. "Moja moja. Mbele ya gari, sio mbele ya simu. Kwani tunaogopa nini? Mimi mutu wa miaka ishirini gerejini!" Kumbuka majivuno hayo.

Kesho yake asubuhi walifunga gereji. Jambo hilo pekee lilikuwa habari mtaani, watu wakatoka madukani kutazama. Walitembea sita, salopeti zao za kazi zimefuliwa lakini madoa hayakutoka, Riziki mbele na mkoba wake wa koleo. Mimi nilitembea pembeni. Njiani Aimable alitukuta, amekuja mwenyewe kutoka Gihosha bila kuitwa; alichukua mkoba wa Riziki akaubeba. Mlinzi wa lango kule Kigobe hakujua amfungulie nani, akampigia simu Madame, na Madame akateremka mwenyewe hadi uani.

"Hawa ndio nani?" akaniuliza.

"Madame," nikasema, "hawa ndio yule mmoja."

Hakucheka. Aliwatazama, na niliona midomo yake ikihesabu. Akamwita Injinia. Nilieleza ombi letu: wapimwe mmoja mmoja, kwa mdomo na kwa mikono, kwa Kiswahili, kwenye gari la kweli. Injinia, ambaye nadhani alikuwa amechoka na makaratasi, alifurahi kama mtoto. Akaleta gari lake mwenyewe uani, akawapeleka mafundi nyuma ya ukuta, akalegeza kitu hapa na kuchomoa kitu pale, na kila mmoja alipoitwa alikuta gari lisilowaka na mtu aliyemwambia: mwenye gari ana haraka. Niliwaangalia wakija peke yao, bila wenzao wa kubishana nao. Wote, isipokuwa mmoja, walifanya kitu kimoja. Walisimama kwanza. Waliacha kimya. Muda wa nusu kikombe cha chai, kila mmoja, macho kwenye injini, midomo ikicheza, kana kwamba wenzao wako pale kichwani mwao wanagombana. Kisha wakanyoosha mkono. Madame naye alikiona kimya kile. Niliona anakiona.

Watano walifaulu. Aliyeanguka ni Hamadi. Alifika, akatazama taa zenye unyonge, na kabla Injinia hajamaliza kusema akatangaza: "Batiri imekufa, nunua ingine." Kichwa cha betri, pale waya unapofungwa, kilikuwa kimelegezwa tu, ungeweza kukikaza kwa vidole. Kutoka nyuma ya ukuta Riziki akapaza sauti ambayo nadhani ilifika hadi ziwani, chini kabisa ya mji: "Nilikuambia toka somo ya kwanza! Toka somo ya kwanza, Hamadi!" Tulicheka uani pale, Injinia akishika boneti asianguke, mlinzi naye, na Hamadi mwenyewe mwishoni. Wiki iliyofuata alirudi peke yake, akaacha kimya chake, akafaulu. Cheti chake alikitundika gerejini, mahali pa juu, na hakumruhusu mtu yeyote asimulie safari ya kwanza.

Madame alipanda juu, mimi na Aimable nyuma yake. Akatoa karatasi ya ripoti, akaomba rula, akachora kwa mkono safu mpya pembeni ya safu ya simu. Juu yake akaandika: watu waliokuwapo. Chini yake akaandika sita. Akaisukuma kwangu. Nilisaini, na Aimable akasaini upya chini ya sahihi yake ya kwanza. Kozi haikufungwa. Riziki aliajiriwa kwenye mabasi, na adhuhuri aliendelea kuja gerejini kunywa chai.

Usidhani nilitoka bure. Jina langu lilikuwa limeshaondolewa kwenye orodha ya wanaotetea mbele ya majaji siku ile nilipoiweka kalamu chini, na Madame hakulirudisha. Sikumwomba alirudishe. Nilitetea memwari yangu mwaka uliofuata, mbele ya wanafunzi wadogo kwangu, na mtu akiniuliza kwa nini nilichelewa, nilijibu kwamba nilikuwa nahesabu. Hatukuombana msamaha, mimi na yeye. Nilipoteza mwaka mmoja. Mwaka huo ungerudi leo na karatasi ileile, ningeupoteza tena.

Sasa rudi nami kwenye chumba cha mwezi uliopita. Nilifungua karatasi ya kozi mpya, nikatafuta safu iliyochorwa kwa rula. Haikuwapo. Mahali fulani katika miaka hii yote mtu alichapa fomu upya, vizuri, kwa kompyuta, na ikabaki safu moja: idadi ya simu. Nikageuka nikawatazama wale vijana wanne ukutani.

"Mnasikia vizuri mkiwa huko?" nikawauliza.

Walitazamana. Msichana wa mwisho, mwenye daftari mapajani, akasema kwa sauti ndogo: "Kidogo tu, Madame."

Madame. Alikuwa ananiita mimi. Nilihisi neno hilo likinikaa mabegani kama koti la mtu mwingine. "Basi leteni viti," nikasema. Mwenyekiti akaanza kueleza kwamba meza ni ndogo na ratiba imebana. Hapo nikasikia mguu wa kiti ukipiga kelele sakafuni. Madame Générose, mgeni wa heshima, alikuwa akisogeza kiti chake pembeni kuwaachia nafasi. Alifanya hivyo bila kuniangalia. Kisha akanyoosha mkono juu ya meza, akaivuta ile karatasi ya safu moja na kuuliza: "Nani iko na rula?"

Sikusaini siku ile. Karatasi iko hapa ndani, kwenye kabati, na wale vijana wanne wanakuja Jumatatu tuende pamoja kuwaona wanaosoma kozi yao. Nawe, siku ukipewa karatasi ya namna hiyo, usiguse kalamu. Nenda kwanza mahali kozi inaposikilizwa, saa ileile inaposikilizwa, simama nyuma ya watu, hesabu vichwa vilivyoizunguka simu, kisha rudi uandike namba hiyo.